Senene Kwenye Friji

Msomaji mwenzangu, kama umeoa Buganda, Ssenga huhitaji kuelezwa. Kama hukuoa huko, nikupe habari kwa kifupi: ni shangazi wa mkeo, dada wa baba yake, na neno lake nyumbani kwako ni zito kuliko lako. Wa kwetu anakaa upande wa Masaka. Tumempa jina la Bibi Afya, kwa sababu hakuna tonge linaloingia mdomoni mwa mtu humu ndani kabla yeye hajalihoji. Anahoji maziwa. Anahoji mayai. Nyama ndiyo usiseme kabisa. Tangu mwaka 2018, zilipovuma habari kwamba baadhi ya wauza nyama wa Kampala wanapulizia nyama formalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti, ili nzi wasitue, Ssenga hanunui kwenye bucha lisilo na nzi. Lenye nzi wengi halitaki vilevile, maana nzi, asema, ametoka chooni. Kwa hiyo akija kututembelea tunazunguka soko zima la Kamwokya tukitafuta bucha lenye nzi wa kadiri, yeye mbele, mimi nyuma na kikapu.

Tunaishi vyumba viwili vya kupanga kwenye safu ya milango, bondeni huku chini ya barabara ya Kira, ambako mvua ikishuka mtaro unafurika hadi vizingitini. Mimi ni Mhaya wa Bukoba, mke wangu ni Muganda. Tulijaliwa pacha, na Buganda mkipata pacha majina yenu ya zamani yanastaafu siku hiyohiyo: yeye ni Nnalongo, mimi ni Ssalongo, hata mwenye nyumba akija kudai kodi huniita hivyo. Wasswa, pacha wa kwanza, tunamwita Profesa. Jumba la Makumbusho la Uganda liko hapo juu tu, mwendo wa miguu, na tangu nimpeleke kuona wanyama na wadudu waliokaushwa hatuli kwa amani. Kato, pacha wa pili, ni Shahidi, maana hakuna linalotendeka nyumbani asilolitolea ushahidi mbele ya mama yake. Kizza aliyewafuata ni Meneja wa Friji, cheo alichojipa mwenyewe kwa kufungua na kufunga ule mlango kutwa nzima. Halafu yupo shemeji yangu Injinia, dereva wa bodaboda, aliyekuja kulala kwetu siku chache akitafuta chumba. Chumba bado hakijapatikana. Kochi ni lake.

Basi Novemba ikafika. Waganda mwezi huo wameuita Musenene, na kwetu Bukoba nako ndio wakati uleule senene wanaposhuka usiku baada ya mvua. Wana msimu mwingine Aprili na Mei. Huko Masaka watu hupandisha mabati mapya yakiwa yamelala mshazari juu ya mapipa, wakawasha taa kali kiasi kwamba ukipita na gari unadhani kuna uwanja wa mpira. Chini huchomwa majani mabichi, moshi unawalevya, wadudu wanajigonga kwenye bati na kuteleza hadi pipani. Ssenga alishuka kwenye taksi na gunia la senene hai, na gunia lilikuwa linacheza. Abiria wenzake walimshukuru kwa kuteremka.

“Shikamoo Ssenga.”

“Marahaba Ssalongo. Shika gunia. Usilibane, wanahitaji hewa.”

Ubishi wa kila mwaka ukaanza hapohapo mlangoni. Sisi Wahaya tunawakausha senene vizuri, wakakaa muda mrefu, na zawadi zikafika hadi Dar es Salaam. Ssenga husema wetu ni kuni. Kwake yeye senene ni wa siku hiyohiyo: amefika akiruka, amenyonyolewa, ameingia sufuriani. Asiyeruka hapikwi. Sharti hilo halijadiliwi nyumbani kwake, wala nyumbani kwangu.

Tukakaa kunyonyoa. Mtu asiyeifanya kazi hii hajui. Unavunja miguu, unang'oa mabawa, mmoja baada ya mwingine, na senene ana meno makali, anauma kidole hadi unaruka. Ssenga alijipaka majivu mikononi, akawa anamaliza beseni wakati mimi sijafunika hata chini ya bakuli. Profesa naye akaleta elimu. Senene, akatuambia, si panzi hasa, ni jamii moja na nyenje. Tazameni zile papasi zake ndefu kuliko mwili. Na masikio yake yako kwenye miguu ya mbele, chini kidogo ya goti. Akamshika mmoja, akatuonyesha pale mguuni kijitundu chembamba ambacho mimi, mtoto wa Bukoba niliyekula senene tangu nikiwa mgongoni, sikuwahi kukiona.

“Kwa hiyo tunawang'oa masikio?” akauliza Kizza.

Nnalongo akaweka bakuli chini. Kazi ikasimama kwa muda.

Usiku ukaingia gunia likiwa bado na nusu. Injinia ndipo akaja na wazo. Mdudu hana joto lake mwenyewe, akasema. Ukimpoza, mwili unalegea, analala, na asubuhi mnamnyonyoa bila vita. Jambo hilo ni kweli. Gunia likaingizwa kwenye friji, likachukua nafasi ya maziwa, mboga na sufuria ya matooke, vyote vikahamia mezani. Ssenga hakupenda, lakini alikuwa amechoka na safari.

Sitasema mengi kuhusu umeme. Unajua mwenyewe. Ulikatika tumelala, joto likapanda taratibu mle ndani, na senene wakaamka. Meneja naye aliamka, akasikia mkwaruzo, akaenda kukagua idara yake gizani. Alipofungua mlango, kamba ya gunia ilikuwa tayari imelegea.

Mlio wake uliamsha safu nzima. Nikahisi mabawa usoni, mgongoni, ndani ya fulana. Nnalongo ananiuliza tochi iko wapi, Shahidi anatangaza aliyefungua friji ni nani, Ssenga anaimba jina la Mungu. Mlango wa nje ukafunguliwa kwa ajili ya hewa, na hapo ndipo msafara ulipopata dira. Uwanja mzima ulikuwa giza ila mlango wa tatu, kwa yule mama tunayemwita Mama Ukoo, mwenye taa ya sola isiyozimwa hadi alfajiri. Habari ya senene na taa nimekwisha ieleza. Walikwenda wote.

Sasa Mama Ukoo, kati ya majirani wote, ni wa ukoo wa Nsenene. Koo za Buganda kila mmoja una muziro wake, kiumbe au mmea ambao watu wa ukoo hawauli, na wa kwake ni huyo huyo aliyemfunikia ukuta, kitanda na chandarua. Tulimkuta amesimama katikati ya chumba kwa khanga, mikono juu.

“Hakuna wa kuuawa humu,” akasema. “Ufagio ubaki nje. Watolewe kwa mkono.”

Hatukubisha. Heshima ya muziro ni heshima. Tukawaokota mmoja mmoja, taratibu, chini ya macho yake, kutoka kwenye mapazia, kwenye viatu, kwenye picha ya harusi ya mwanawe. Majirani wengine wakaja kutusaidia, kila mmoja na sufuria yake, na kila mmoja alisaidia kuelekea sufuriani mwake. Shahidi alitaja majina yote asubuhi iliyofuata, pamoja na ukubwa wa sufuria.

Kwenye ile taa kulikuwa na wageni wengine pia, kama ilivyo kila taa msimu wa mvua. Injinia akahisi kitu kinatembea shingoni, akakipiga kofi, akakisugua. Profesa akapiga kelele, lakini alikuwa amechelewa. Ni yule mdudu ambaye Afrika Mashariki yote humwita kwa jina la Nairobi: mwembamba, mwekundu na mweusi kwa zamu, mrefu kidogo kuliko punje ya mchele. Si nzi, ni jamii ya mbawakawa. Haumi, hachomi mwiba. Sumu imo ndani ya mwili wake, inaitwa pederini, na wataalamu wamegundua kwamba haitengenezi yeye mwenyewe, inatengenezwa na bakteria wanaoishi ndani ya mdudu jike. Ukimpuliza akaondoka, hamna ugomvi. Ukimponda juu ya ngozi, umejipaka sumu.

Nnalongo alimwambia aoshe shingo na mikono kwa sabuni na maji mengi, palepale. Injinia akacheka, akarudi kwenye kochi. Ngozi haikuonyesha kitu usiku ule, kwa sababu pederini huchukua saa kadhaa, mara nyingi siku nzima au zaidi, ndipo mchirizi mwekundu unajitokeza na malengelenge yanafuata. Na kwa kuwa alilala na mkono uleule usoni, jicho lilivimba pia. Steji nzima ya boda iliamini amepigwa. Nyumbani kila mtu alikuja na dawa: mmoja dawa ya meno, mwingine majivu, mwingine mafuta ya taa, Mungu apishe mbali. Nnalongo akawafukuza wote. Alimkanda kwa kitambaa cha maji baridi, akamkataza kugusa lengelenge, na kwa ajili ya jicho akampeleka kliniki yeye mwenyewe, amemshika mkono shemeji mzima mwenye leseni ya udereva.

Nirudi kwenye gunia. Chini kabisa walibaki waliokufa, wamelowa, wamebanana. Injinia, jicho moja limefumba, akaona mtaji: wanyonyolewe, waoshwe, wachanganywe na wazima, wauzwe jioni kando ya barabara. Ssenga hakumjibu. Alibeba gunia hadi kwenye shimo la taka na kulimimina mbele ya macho ya wote.

Hapa mimi niko upande wa Ssenga mzimamzima, na ninalisema kwa nguvu. Senene ni chakula cha heshima. Ukimkausha, zaidi ya theluthi ya uzito wake ni protini, na mafuta yake ni mengi kiasi kwamba huhitaji kuongeza mengine sufuriani. Anajikaanga mwenyewe kwa kitunguu na chumvi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2013 kwamba watu wapatao bilioni 2 duniani wanakula wadudu, wa aina zaidi ya 1,900. Ubaya hauko kwa mdudu, uko mikononi mwetu. Ukimng'oa miguu na mabawa umemfungua majeraha sehemu sita au zaidi, na kila kidole kilichomgusa kimeacha vijidudu vyake. Mrundike mbichi kwenye beseni chini ya jua, au mfungie kwenye mfuko wa plastiki mchana kutwa, ataoza haraka. Kuchemsha na kukaanga huua bakteria walio wengi, lakini wapo wanaojifungia ndani ya mbegu ngumu zinazostahimili moto, na chakula kilichopikwa kikiachwa nje usiku kucha, mbegu hizo huchipua upya. Ndiyo maana Ssenga hali kiporo cha senene. Hakusomea maabara yoyote, lakini maabara zinamuunga mkono.

Tuliobakiza, baada ya majirani kupata haki yao, walijaa sufuria moja. Tulikula wote isipokuwa Mama Ukoo, aliyepelekewa ndizi. Ndipo Ssenga akafuta mikono na kufungua kikao. Desturi ya Buganda ni hii: mke akimletea mumewe nsenene, mume humnunulia gomesi, lile vazi la heshima la wanawake wa Kiganda. Nikasema, kwa adabu, kwamba senene wameletwa na Ssenga, na nusu yao wameliwa mlango wa nne na wa tano. Ssenga akanikumbusha kwamba yeye na binti yake ni nyumba moja, na kwamba desturi haisemi lolote kuhusu mlango wa nne. Shahidi akathibitisha kwamba mama yake alinyonyoa zaidi yangu. Nilijua mambo yalikokuwa yanaelekea tangu gunia liliposhuka kwenye taksi. Gomesi imenunuliwa, pamoja na mshipi wake, na Ssenga ndiye aliyechagua rangi.

Wewe msomaji, ukiwaona senene sokoni msimu huu, nakuomba: nunua wanaoruka, wanyonyoe nyumbani kwa mikono iliyooshwa, wakaange hadi wawe wakavu, wale siku hiyohiyo. Na kabla hujamkaribisha mgeni, muulize kama huvimba akila kamba au kaa, kwa sababu protini inayomdhuru humo na ya wadudu zinafanana sana. Umoja wa Ulaya uliporuhusu nzige wauzwe kama chakula mwaka 2021, uliagiza onyo hilo liandikwe kwenye pakiti. Wetu wanauzwa kwa kikombe, pakiti hawana, kwa hiyo onyo utalitoa wewe.