Hana Slaidi

Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi–Dar es Salaam pale Somanga, Kilwa. Mwenye safari akabakiwa na mzunguko wa Masasi, Tunduru, Songea, Iringa na Morogoro: mrefu, lakini unafika. Tarehe 12 mwezi huohuo mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom nayo ikakatika, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki. Si tuliambiwa mmoja ukifa, mzigo unahamia mwingine? Naam, ila yote miwili imelala pwani ileile. Utingo wa Nangurukuru, hukohuko Kilwa, angewashauri wenye mikongo bure: njia ya dharura inayopita daraja lilelile ni pambo la ripoti. Tatizo, utingo haalikwi semina, hana slaidi.