Mhadhara Juu ya Madhara ya Kutazama

Waheshimiwa mabwana na mabibi, nanyi mliosimama mlangoni kwa kukosa viti: kwa kuwa nimeombwa (na aliyeniomba ni mimi mwenyewe, baada ya kuwangoja wengine wakakawia) niwabainishie nafasi ya kutazama katika utafiti wa kisayansi, sina budi kutangulia kusema kwamba mimi, ambaye umri wangu wote sijapata kukitazama kitu chochote kwa makusudi ya ilimu, ndiye pekee niwezaye kuinena mada hii bila ya upendeleo.

Aristotle aliandika kwamba mwanamume ana meno mengi kuliko mwanamke, na mafidhuli humcheka kwa kuwa alikuwa na mke. Lakini ni mume gani mstahiki aingiaye ndani akamwamuru mkewe apanue kinywa, ahesabiwe meno kama punda wa mnadani?

Sasa zingatieni maafa ya mwaka 1963, katika shule ya Magamba huko Tanganyika. Kijana Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu, akitengeneza aiskrimu pamoja na wenziwe, alichelea kukosa nafasi ndani ya friza, akayatia maziwa yake yangali moto, kinyume cha ilivyoamriwa. Na baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, ilhali ya mwenziwe, aliyeyatia bila ya kuyachemsha, yangali uji. Mtoto mwenye malezi angalifumba macho. Huyu akaenda kuuliza! Mwalimu wake, Mungu amzidishie, alimjibu kuwa amechanganyikiwa; na baadaye, katika shule ya Mkwawa huko Iringa, mwalimu mwingine akamweleza kwa upole kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu. Shauri lingalikwisha hapo, lau asingalikuja Iringa Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye, darasa zima likimcheka kijana, yeye alirejea chuoni akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta habari kwamba maji yaliyoanza na moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, lakini wataendelea kurudia mpaka yapatikane matokeo yaliyo sahihi. Huyo fundi, waheshimiwa, ndiye mwanachuoni wa kweli katika kisa hiki, na ajabu ni kwamba mwaka 1969 waliotangaza jambo hilo katika jarida ni Mpemba na Osborne.

Tena fitina haikukoma. Mwaka 2016 Burridge na Linden, wa Uingereza, walipima upya kwa uangalifu, wakasema hawakuuona ushahidi wa kuaminika, na kwamba kipimajoto kikisogea kidogo tu huweza kumhadaa mpimaji. Mwaona basi: watazamaji wamekanushwa na watazamaji, kwa kutazama zaidi, na hakuna aliyeona haya! Ama rai zangu mimi hazijageuka tangu ujana, wala hazina njia ya kugeuka, maadamu hazikupata kuegemea kitu chochote.

Maswali hayatapokelewa. Na yule kijana wa safu ya nyuma ambaye, tangu nilipoanza kunena, amekuwa akinikodolea macho, akitazama saa yake na kuandika, namwamuru alilete daftari lake hapa mbele kabla ya chai.