Fundi Redio na Minueti

"Shem, hiyo spika yako imekwama."

Shemeji yangu ni fundi redio, na fundi redio akisikia sauti inajirudia hakawii kutafuta bisibisi. Ilikuwa Simfoni nambari 40 ya Mozart, ile ya mwaka 1788, nasi tumefika sehemu ya tatu, yaani minueti. Kipande cha kwanza kilipigwa kikaisha, kikaanza tena vilevile. Hapo ndipo aliponyanyuka.

Nikamweleza kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Minueti ina vipande viwili, kila kimoja hupigwa mara mbili. Inafuata trio, nayo ina vipande vyake viwili, kila kimoja mara mbili. Trio ikiisha, okestra inarudi kwenye minueti tangu mwanzo, ila safari hii kwa kawaida haikariri vipande. Alinisikiliza kama mtu anayesomewa bili ya jirani.

"Si wangepiga mara moja tu, tukale?"

Mimi nayapenda marudio hayo kwa sababu isiyo ya kisomi: naishi na watu. Kipande cha kwanza kilipoanza, mtoto aliuliza kifutio chake kiko wapi. Kilipokaririwa, ndiyo hiyo bisibisi. Ikaja trio. Ghadhabu yote ya G maina inageuka G meja, fidla zinaanza kwa upole, obo na filimbi zinapokea, na kijana wa gesi anagonga mlango akisema hana chenji. Minueti iliporudi mara ya mwisho, nikaisikia yote.

Shemeji, wakati huo, alikuwa akihesabu kwa kidole mezani, moja mbili tatu, maana nilimwambia hii ni densi ya mapigo matatu. Akapotea mapema. Mozart ameweka mikazo mahali pasipotarajiwa, hata matatu yanasikika kama mawili mawili. Ni densi, sawa, lakini atakayeicheza ajiandae kukanyagwa.

Kesho yake nikamwekea Simfoni nambari 47 ya Haydn, ya mwaka 1772, bila kumwambia kitu. Haydn alikuwa mwajiriwa wa Mwanamfalme Nikolaus Esterházy, bosi mwenye hamu isiyokwisha ya muziki mpya, na katika minueti hii aliandika kipande cha kwanza tu. Cha pili ni kilekile kinachopigwa kinyumenyume, kuanzia noti ya mwisho kurudi ya kwanza. Trio nayo vivyo hivyo. (Nashuku wiki hiyo alikuwa amechoka.)

Shemeji alikuwa anamenya chungwa. Kisu kikasimama.

"Shem, hapo kanda inarudi nyuma. Mkazo ulikuwa mwanzoni, sasa uko mwishoni."

Miaka yote ya kutengeneza redio kaseti ilikuwa imemwandaa kwa Haydn, bila yeye wala Haydn kujua. Mimi niliyasoma hayo kitabuni kabla ya kuyasikia. Yeye hakuhitaji kitabu.

Kwa hiyo ninyi wenye mafundi redio nyumbani, wawekeeni nambari 47, kisha muifiche bisibisi.