Kambale Yupi?

Simama katikati ya soko kuu la Butembo uite "Kambale!" Nusu ya wanaume watageuka, na waliobaki watakuuliza unamtafuta ndugu yao kwa deni gani. Kwetu sisi Wanande wa Kongo hakuna mzazi anayekesha akichagua jina, kwani foleni ya kuzaliwa imeshalichagua. Kijana wa kwanza ni Mumbere au Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Binti wa kwanza ni Masika. Mpango huu unamfaa sana mama anayegawa viazi jioni. Haumfai hata kidogo mtu anayeomba kazi zama hizi, ambapo ofisi inamchungulia kwenye Google kabla ya kumwita.

Mimi ni Kambale. Posnomu yangu, yaani jina linalofuata, naihifadhi, kwa sababu nawajua wasomaji, mtanitafuta kabla hamjafika mwisho wa ukurasa.

Rafiki yangu wa Beni ndiye aliyenishauri: kabla hujapeleka CV, jitafute mwenyewe, uone wanachokiona. Nikanunua mega za intaneti, nikapanda kilima kile cha kijiji chetu, Luofu, ambapo rezo ya simu hufika bila kusukumwa, nikaandika jina langu. Nikaletewa samaki. Samaki kwenye bwawa, samaki kwenye beseni, samaki kwenye nazi, na maelezo marefu ya jinsi ya kumlisha mpaka anenepe. Ndugu zetu wa Tanzania wana samaki mwenye sharubu wanayemwita kambale, na wanamfuga kwa bidii kubwa. Tena wana msemo juu yake: nyumba ya kambale, baba ana sharubu, mama ana sharubu, na mtoto naye ana sharubu, yaani mkubwa hajulikani. Niliusoma msemo huo mara mbili. Mtu asiyewahi kufika kwetu Lubero amelijuaje tatizo letu la majina?

Kilichoniuma zaidi ni ndugu zangu. Kaka yangu mkubwa, Mumbere, naye alijitafuta, akakuta mfalme: Charles Wesley Mumbere wa Rwenzururu, upande wa pili wa milima, ambaye Serikali ya Uganda iliutambua ufalme wake mwaka 2009. Tangu siku hiyo kaka hanawi mikono bila kuletewa maji. Mdogo wetu Mbusa alimpata Antipas Mbusa Nyamwisi, aliyeongoza waasi kisha akawa waziri wa mambo ya nje wa nchi nzima. Binamu yetu Paluku akapata gavana na askofu kwa mpigo. Mfalme, waziri, gavana, askofu. Katikati yao, mimi, kwenye mchuzi wa nazi.

Nikasema basi, nitaongeza mahali ninapotoka. Nikaandika "Luofu". Intaneti ikanipeleka China. Kumbe kuna mlima Luofu huko Guangdong, mlima wa watawa wa Kitao, wenye mahekalu na watalii. Zaidi ya hapo kuna mchezo wa kompyuta wa Kichina ambamo Luofu ni merikebu kubwa inayoelea angani. Wafanyabiashara wa Butembo wamekuwa wakienda Guangzhou miaka na miaka kuleta vitambaa na pikipiki, na hakuna hata mmoja aliyerudi akatuambia kwamba kijiji chetu kina somo wake pale karibu. Hata hivyo, kwa mlima ule sikuweza kukasirika. Ndiko alikomalizia maisha yake Ge Hong, mganga wa karne ya 4, aliyeandika kwamba mwenye homa aloweke pakanga katika maji, akamue, anywe. Maandishi yake ndiyo yaliyomfungulia njia Tu Youyou kupata artemisini, dawa ya malaria iliyompa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mtu wa Luofu akishuka bondeni akaumwa na mbu, anaponywa na Luofu. Ukimwambia hivyo muuguzi atakupima joto tena.

Luofu yetu nayo imo kwenye intaneti, usidhani haimo. Iko chini zaidi, na picha zake ni za mapaa yaliyoungua, kwani mwezi wa Aprili 2009 waasi wa FDLR walikuja usiku wakachoma nyumba. Soko letu halimo, viazi vyetu havimo, harusi zetu hazimo. Kwa hiyo mwenye ofisi anayeunganisha "Kambale" na "Luofu" ana hiari ya kuniweka kwenye bwawa, kwenye hekalu au kwenye moto.

Halafu kuna fomu zenyewe. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, wazazi wetu wakajaza nafasi kwa posnomu za mababu. Marufuku ilipolegea, prenomu, yaani yale majina ya Kikristo, zikarudi, na posnomu hazikuondoka. Sasa tuna majina matatu, na fomu za wazungu zina vyumba viwili. Shirika moja likanisajili Kambale kama jina la kwanza, jingine kama la mwisho, la tatu likaninyang'anya kabisa likabakiza prenomu. Mtandaoni nimegawanyika kuwa watu watatu, na hakuna hata mmoja kati yao mwenye kazi.

Baada ya kupekua sana nilijikuta. Kweli, mimi mwenyewe, majina yote matatu kwa mpangilio sahihi. Ilikuwa orodha ya matokeo ya mtihani wa taifa, Egzeta. Kambale, posnomu, prenomu, asilimia 50.

Siku yenyewe ya matokeo hakuna aliyeuliza asilimia. Tulimwagiwa poda kichwani mpaka tukafanana na waokaji mikate, mama akapiga vigelegele, kuku akachinjwa. Poda ilioshwa keshoye. Namba imebaki.

Nikaanza kusoma jinsi wenzangu duniani wanavyojifuta. Kuna Mhispania, Mario Costeja González, aliyechoshwa na tangazo la gazeti la mwaka 1998 kwamba nyumba yake inapigwa mnada kwa ajili ya deni. Mgogoro wake na Google ulifika mpaka mahakama ya Ulaya kule Luxembourg, na tarehe 13 Mei 2014 akashinda haki ya kusahauliwa. Leo deni lake linafundishwa katika vyuo vya sheria. Kuna mwimbaji Barbra Streisand, aliyedai dola milioni 50 mwaka 2003 kwa sababu ya picha ya nyumba yake. Picha hiyo ilikuwa imepakuliwa mara sita tu, na mara mbili kati ya hizo ni mawakili wake. Kesi iliposikika, watu laki nne na zaidi wakaenda kuitazama. Sisi nasi tumepata sheria: Kongo ina Kodi ya Numeriki, yaani mkusanyo wa sheria za kidijitali, tangu Machi 2023, na raia anaweza kuomba taarifa zake zisahihishwe au zifutwe. Nikajiona mbele ya hakimu, nikitangaza asilimia 50 zangu kwa sauti ili zisijulikane.

Rafiki wa Beni akaleta shauri jingine: usifute, funika. Andika mambo mema mpaka lile baya lizame. Nikaandika juu ya viazi vya Lubero, makala nzuri, nikaiwekea jina langu kwa herufi kubwa. Wiki haikuisha nikapata ujumbe kutoka Morogoro: "Habari Kambale, vifaranga unauza bei gani?"

Nikapeleka CV hivyo hivyo. Simu ikalia, mama mmoja wa ofisi, sauti ya upole.

"Ni Papa Kambale?"

"Ndiyo, Mama."

"Nimekutafuta kwenye intaneti. Nimeona daktari, nimeona mwanasheria, nimeona mcheza mpira, na mmoja mwenye asilimia 50. Wewe ni yupi?"

Hapo ndipo nilipowaelewa wahenga wetu. Yule Mhispania alihangaika mahakamani apate kusahauliwa; mimi nilizaliwa nayo haki hiyo, nikapewa pamoja na kitovu.

"Mama," nikamwambia, "akina Kambale tuko wengi."

"Najua. Hata mume wangu ni Kambale. Basi lete diploma yako, asilimia imeandikwa pale."

"Diploma bado iko Kinshasa, Mama."

Akashusha pumzi. "Na ya mume wangu pia."