Mzee wa Zamu ya Usiku

Mwezi wa Desemba, Nairobi iko mbele ya Minneapolis kwa saa tisa, na pale uwanja wa Jomo Kenyatta hakuna afisa wa kukagua mzigo huo. Masanduku ya kaka yangu yalifunguliwa, yakapekuliwa, yakafungwa. Saa tisa za mwanawe zilipita bila kuulizwa lolote, zikapanda teksi, zikapita Expressway hadi James Gichuru, na jua lilipozama zilikuwa zimeshapewa kitanda nyumbani kwa mama, Riruta.

Mtoto ana miaka mitano, mzaliwa wa Minnesota, na nyanya yake alikuwa akimjua kwenye kioo cha simu tu. Kaka alikuwa amempangia likizo ya nguvu. Orodha ilikuwa tayari: twiga wa Lang'ata, mbuga ya Nairobi ambayo imekuwa jirani wa jiji tangu 1946, na ndovu yatima wa Sheldrick, ambao umma huwaona kuanzia saa tano hadi saa sita mchana. Orodha safi kabisa, ila saa tano asubuhi ya Nairobi ni saa nane usiku ya Minneapolis, na mtoto alikuwa bado raia mwaminifu wa kwao.

Tukaenda kwa ndovu. Walikuja mbio, wakafyonza chupa zao za maziwa, wakagaagaa kwenye matope, wageni wakapiga picha hadi simu zikapata joto. Wetu alikuwa begani kwa babake, mdomo wazi, akikoroma. Utafiti uliofanywa Botswana na kuchapishwa 2017 uliona kwamba ndovu wakubwa wa porini hulala takriban saa mbili tu kwa siku. Kiasi hicho mtoto alikimaliza ndani ya gari tukiwa bado kwenye foleni ya Lang'ata Road. Kwa twiga mambo yakawa yale yale. Twiga alinyoosha ulimi mweusi, urefu wake karibu nusu mita, akamlamba kofia. Mtoto akageuza shingo upande wa pili, akaendelea na kazi yake.

Sikukuu yenyewe ukoo ulijaa nyumbani kumwona mtoto wa majuu. Walimwona. Alikuwa chali kitandani saa saba mchana, nao wakapanga foleni mlangoni, wawili wawili, wakisifu pua ya ukoo. Shangazi mmoja mzee aliinama, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akamuuliza wifi yangu kwa sauti ya chini kama ana uhakika anapumua.

Usiku ndipo likizo ilipoanza. Saa saba za usiku, ambazo kwao ni saa kumi jioni, macho yalifunguka na yale maneno mawili ya kwetu aliyokuja nayo yakatoka kwa mpigo: "Shosho! Chapati!"

Chumba changu kinapakana na jikoni, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Unga ukakandwa, meza ikalia chini ya kifimbo cha kusukumia, mafuta yakachacharika. Nyumba yetu ni ya ploti, na harufu ya chapati haiulizi nani analipa kodi ya chumba kipi. Jirani akabisha. Hakuja kulalamika, alitaka kujua kama tuna matanga. Akapewa chapati mbili, akatupa pole hata hivyo, akaenda zake. Usiku uliofuata alibisha tena, safari hii na kikombe mkononi.

Kaka akajaribu sayansi. Alimweleza mama kwamba mwili una saa yake ya ndani, kwamba hujirekebisha kwa takriban saa moja kila siku, kwamba kuruka kuelekea mashariki kunasumbua kuliko kuelekea magharibi. Dawa, akasema, ni mwanga wa asubuhi, na usiku giza na kimya, bila chakula. Mama alimsikiliza huku akigeuza chapati.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, mama."

"Huyu mtoto ulimpa jina la nani?"

Kaka akainamisha kichwa. Kwa desturi ya Wakikuyu, mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba. Na baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa soja wa usiku huko Industrial Area. Hata siku zake za mapumziko hakulala. Alitaka chai saa saba na chakula saa tisa.

"Basi mwache mume wangu ale," mama akasema. "Haya si mambo ya ndege. Ni mambo ya jina."

Kuanzia hapo kesi ilifungwa, na nyumba nzima ikahamia Minneapolis. Mimi nilikuwa nikienda kazini na matatu ya 46, na kila nilipofumba macho Valley Road ni makanga aliyeniamsha mjini, gari likiwa tupu.

Ijumaa moja mambo yakazidi. Karibu nasi kuna kanisa la mabati linalofanya kesha, na spika zake hazibagui dini ya mtu. Kinanda kilipoanza, mtoto alikuwa ameshavaa viatu. Mama akajifunga leso, wakatoka wameshikana mikono. Ilipofika saa tisa, ule wakati ambapo waumini hufumba macho kwa maombi na kusahau kuyafumbua, mchungaji alimwona mtoto juu ya benchi, macho kodo, akipiga makofi. Akamwita mbele.

"Watu wazima mnasinzia," akanguruma, "na malaika huyu yuko macho! Ana nini ambacho nyinyi hamna?"

Alichokuwa nacho ni saa kumi na mbili jioni. Mama alilijua hilo vizuri sana, akaitikia amina.

Lazima niseme hesabu ya kaka haikukosea. Saa moja kwa siku, saa moja kwa siku, mpaka mtoto akaanza kulala saa mbili usiku na kuamka na jogoo. Siku hiyo hiyo wazazi wake walikuwa wanafunga masanduku.

Wiki iliyofuata simu ililia saa moja asubuhi. Kule ilikuwa saa nne usiku na theluji inaanguka. Mtoto alikuwa ameketi jikoni, nywele zimechanwa, akisubiri uji. Kaka alikuwa na kazi alfajiri.

"Mama, tufanye nini?"

"Washeni jiko."

"Mama, lakini sisi tumechoka."

"Huyo mzee mimi nimempikia usiku tangu kabla hujazaliwa," mama akasema, "na sikumpigia mtu simu."