Mheshimiwa, Ligeuze Lango Lako

Kwa Mkuu wa Kambi,
Kambi ya Jeshi la Nchi Kavu (jina nalihifadhi, maana bango lako limekataza hata picha),
Texas, Marekani.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA ULINZI WA BUNDUKI ULIOPITILIZA NDANI YA KAMBI, PAMOJA NA OMBI LA KULIGEUZA LANGO

Afande,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Mtanzania, mkazi halali wa jimbo la Texas, mlipa kodi, na mjomba wa mmoja wa masajenti wako. Mpwa wangu alinialika kwenye klabu ya shabaha iliyomo kambini mwako, ile inayoendeshwa na wastaafu wanaojitolea mwishoni mwa juma. Nilikuja nikijua nakwenda kwenye bunduki zenyewe: jeshi la Marekani, ndani ya Texas, klabu ya kupiga risasi kwa burudani. Nilijiandaa kuuona uhuru ukiwa umevua shati. Badala yake niliulizwa maswali mpaka nikadhani nimerudi kuomba viza.

Tuanze na lango. Kwenye ofisi ya wageni nilitoa kitambulisho, nikapigwa picha, jina langu likaingizwa kwenye kompyuta kuangaliwa kama nina kesi mahali. Kisha binti wa polisi jeshi, makamo ya mwanangu wa mwisho, akamgeukia mpwa wangu aliyekuwa na shotigani yake nyuma ya gari. Imesajiliwa hapa kambini? Imesajiliwa, karatasi hii. Ina risasi ndani? Haina. Imo kwenye mfuko wake? Imo. Risasi zenyewe? Ziko kando, kwenye sanduku. Unakwenda wapi nayo? Klabuni. Moja kwa moja? Moja kwa moja, afande.

Mimi nilikuwa sijatia kitu kinywani tangu alfajiri, nikapendekeza tupitie mgahawani kwanza. Mpwa wangu akatikisa kichwa. "Mjomba, haiwezekani. Langoni mpaka uwanjani, uwanjani mpaka langoni. Nikionekana nimeegesha gari nakunywa kahawa na bunduki imo ndani, nitaandika maelezo."

Sasa sikiliza, Afande. Hatua chache nje ya lango hilohilo, kwenye kituo cha mafuta, nilikuwa nimempita bwana mmoja mwenye bastola kiunoni na kikombe cha kahawa mkononi. Hakuna aliyemuuliza anatoka wapi wala anakwenda wapi. Na hakuwa amevunja sheria yoyote: tangu tarehe 1 Septemba 2021, Texas humruhusu mtu asiyezuiwa na sheria kubeba bastola hadharani bila kibali cha aina yoyote. Raia ana bastola na kahawa. Askari wako, uliyemfundisha kwa gharama za walipa kodi, akiwa na bunduki hana ruhusa ya kahawa. Huu ni ubaguzi, na ndiyo sababu ya kwanza ya barua hii.

Kwetu Dar es Salaam raia huingia kambi ya Lugalo kucheza gofu, na mlangoni hakuna anayebabaika na vile vyuma walivyobeba begani. Nilidhani nanyi mna moyo huo.

Malalamiko ya pili yanahusu klabu yenyewe. Nilitegemea kupokewa na ofisa mwenye nyota. Nilipokewa na sajenti mstaafu mwenye kofia iliyopauka na magoti yanayolalamika kila anapoinama. Yeye ndiye anayeandika majina, anayeuza soda, anayepakia visahani kwenye mashine ya kurushia, na jioni ndiye anayefagia. Halipwi hata senti. Na uwanjani hakuna aliye juu yake.

Mchezo wao ni ule wa skiti, uliobuniwa Massachusetts karibu na mwaka 1920. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi lako liliuchukua kuwafundishia wapiga bunduki wa kwenye ndege, wajifunze kulenga pale kitu kinapokwenda, si pale kilipo. Kuna vibanda viwili, kirefu na kifupi, na vituo vinane vya kusimama. Kila mzunguko una visahani 25 vya lami na unga wa chokaa, upana wake kama sentimita 11. Unaita, kisahani kinachomoka, unapiga. Vyangu vingi vilitua majanini vikiwa na afya njema.

Lakini ngoja nikueleze sheria zake, maana sidhani kama umewahi kufikiria hatari yake kwa umma. Shotigani hukaa imekunjuliwa, matundu yake wazi kila mtu ayaone, mpaka mpigaji asimame kituoni. Risasi haiingii kabla ya zamu yako. Mtutu hauangalii watu hata kama ni mtupu. Kidole hakigusi triga mpaka macho yamekubaliana na shabaha. Mtazamaji naye huvaa miwani na viziba masikio, akipenda asipende.

Nikamwona kanali mmoja, mtu mzima mwenye kifua cha nishani, akigeuka kumsemesha mkewe, na mtutu ukageuka pamoja naye. Yule mzee hakupiga saluti. Alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Bwana, fungua bunduki. Iweke mezani. Kakae pale." Kanali akafungua, akaweka, akaenda kukaa. Hakusema unanijua mimi ni nani. Alipoitwa tena baada ya muda, alirudi akiwa mpole kuliko kuruta.

Halafu kuna sheria iliyonishtua kuliko zote. Mtu yeyote pale, awe mpigaji, mtazamaji, mchoma soseji au mtoto, akiona hatari na kupaza sauti "Simamisha!", bunduki zote zinafunguliwa na kuwekwa chini. Huulizwi cheo. Niliishuhudia: mvulana wa kama miaka 12 alimwona mbwa asiye na mwenyewe akikatiza nyasi upande wa shabaha, akapiga ukelele. Uwanja mzima ukanyamaza, pamoja na watu waliopigana Iraq na Afghanistan. Mbwa akapita kwa nafasi yake. Na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyesimama kudai kwamba Marekebisho ya Pili ya Katiba, yale ya haki ya silaha, yanamlinda dhidi ya sauti ya mtoto.

Linganisha na huku kwetu uraiani. Kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2025, Texas imeharamisha zile amri za mahakama za kumwondolea mtu silaha kwa muda pale ndugu zake wanapohofia atajidhuru au atadhuru wengine. Kwako mtoto husimamisha uwanja kwa ajili ya mbwa. Kwetu mama hawezi kuiomba amri hiyo hata kwa hakimu kwa ajili ya mwanawe. Unaona unavyotuaibisha?

Malalamiko ya tatu ni kuhusu vijana wako. Mpwa wangu alinitambulisha kwa askari wa miaka 19 anayelala bwenini. Kijana huyu anajua kuifungua bunduki na kuifunga gizani. Lakini bunduki yake binafsi, aliyoinunua kwa mshahara wake, hana ruhusa ya kulala nayo. Inalala ghala la silaha, na akiitaka aiombe kwa karatasi. Ile ya serikali ndiyo usiseme: hutoka kwa namba, hurudi kwa namba, na ikikosekana moja kambi inafungwa, kila mtu anaitafuta mpaka ipatikane. Akimaliza mazoezi ya shabaha, anasimama mbele ya sajenti na kutamka kwa kinywa chake kwamba hana risasi wala ganda. Ganda, Afande! Kipande cha shaba kilichokwisha kazi yake.

Kijana mwenzake wa uraiani hana mateso hayo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inaruhusu duka kumuuzia bunduki ndefu akiwa na miaka 18. Anajaza fomu namba 4473, jina linapitishwa kwenye mtambo wa FBI, kisha anatoka nayo kama aliyenunua mwamvuli. Akinunua kwa jirani wa Texas, hata fomu haihitajiki. Hakuna wa kumuuliza amefundishwa na nani, wala italala wapi. Kule Uvalde, tarehe 24 Mei 2022, kijana aliyekuwa ametimiza miaka 18 siku chache tu kabla, mwenye bunduki alizozinunua kihalali, aliua watoto 19 na walimu wawili. Hapo sitanii.

Najua utakavyonijibu. Utaniambia kuhusu kambi ya Fort Hood: tarehe 5 Novemba 2009 meja wa jeshi aliua watu 13, na tarehe 2 Aprili 2014 askari mwingine akaua wenzake watatu kisha akajiua. Wapo wanaosema wale askari wangekuwa na silaha wangejitetea, na tangu 2016 wizara yako imewapa wakuu wa kambi uwezo wa kuwaruhusu baadhi ya askari kubeba za kwao. Sawa. Lakini bastola zote mbili zilitoka wapi? Zilinunuliwa Killeen, mji ulio mlangoni mwa kambi, kwa taratibu zote za duka. Ile ya 2014 haikuwa hata imesajiliwa kambini. Lango lilikuwa likimsubiri adui mgeni, naye adui aliingia na kitambulisho cha jeshi na risiti.

Kwa hiyo, Afande, lango lako limegeuziwa upande usiohitaji kuchujwa. Linawachuja watu waliofundishwa kuliko wote nchini, na kuwapa kisogo wasiofundishwa na yeyote.

Wala usijione umetakata. Nyumba njema si mlango. Baadhi ya maduka ya kambini yanauza bunduki. Februari 2023 kamati huru iliyoundwa na wizara yako kuchunguza askari wanaojiua ilipendekeza kwamba kwenye ardhi ya jeshi mnunuzi awe na angalau miaka 25, na asubiri siku saba kabla ya kukabidhiwa silaha. Wakubwa walipotoa mpango wao Septemba ileile, mapendekezo hayo hayakuwamo. Inaonekana hata ndani ya lango, yule mzee wa soda ana ujasiri kuliko wizara.

Na usiniambie jeshi haliingilii mambo ya raia na bunduki zao. NRA, chama cha wenye bunduki kinachowatetemesha wanasiasa leo, kilianzishwa mwaka 1871 na William Church na George Wingate, askari wa zamani wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe waliokerwa na shabaha mbovu ya askari wa Muungano. Mwaka 1903 serikali ikaunda bodi ya kukuza mazoezi ya bunduki kwa raia. Kwa miongo mingi kazi ilikuwa kufundisha watu. Mwaka 1977, kwenye mkutano wa Cincinnati, wanachama wenye msimamo mkali waliuangusha uongozi wa NRA, na tangu hapo siasa ikakaa kiti cha mbele. Mzee wako wa klabu hajapata habari za mkutano huo. Yeye bado anafundisha.

Kwa kuzingatia hayo yote, naomba yafuatayo:

(a) Lango ligeuzwe. Binti yule wa polisi jeshi asimame vilevile, na maswali yake yaleyale, ila atazame barabara kuu. Anayetoka kambini apungiwe mkono. Anayetoka dukani aulizwe imesajiliwa wapi, risasi ziko wapi, na anakwenda wapi nayo.

(b) Uwaazime wazee wawili watatu wa klabu waende Austin. Bunge la jimbo hukutana siku 140 tu kila baada ya miaka miwili, hawatachoka. Mbunge akigeuka na mtutu wa hoja bila kuangalia nani amesimama mbele yake, aambiwe afungue, aweke mezani, akakae pale.

(c) Haki ya kusema "Simamisha!" itolewe kambini na kugawiwa uraiani, kwa walimu, kwa akina mama, na kwa mvulana yeyote wa miaka 12 atakayemwona mbwa, au mwanafunzi mwenzake, akikatiza mbele ya mtutu.

(d) Hayo yakishindikana, nipewe chumba bwenini. Napakubali pamoja na filimbi za alfajiri. Ni mahali pekee nilipopaona Texas ambapo ningelala nikijua jirani yangu ameulizwa kuhusu bunduki yake, na majibu yameandikwa.

Utasema mgeni huyu analeta ya kwao. Naam, ninayaleta. Kwetu Tanzania anayetaka kumiliki bunduki huanzia serikali ya mtaa au ya kijiji, kwa watu wanaomjua yeye, hasira zake na ulevi wake, kabla ya kufika polisi. Najua muhuri nao una bei yake mahali fulani. Lakini mpaka muhuri ugongwe, kuna mtu amelazimika kumtazama mwombaji usoni.

Nakutakia utekelezaji mwema.

Wako mtiifu,
Mjomba wa Sajenti

Nakala:
Bunge la Jimbo, Austin: isomwe silaha zikiwa zimefunguliwa.
Mzee wa klabu: aibandike kwenye friji ya soda.
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, nyumbani: kwa taarifa, na asithubutu kupunguza maswali.