Heko kwa Yatokanayo

Mstahiki Meya ana joho na mkufu. Mkurugenzi ana gari na dereva. Diwani ana kishikwambi, kama manispaa yake imejaliwa, na asipokuwa nacho ana kabrasha zito analolibeba kwapani na kupita nalo sokoni makusudi. Yatokanayo hayana kitu. Yamebanwa kwenye nafasi ya nne ya orodha ya agenda, nyuma ya kufungua mkutano, kuridhia agenda na kuthibitisha muhtasari, saa ambayo wajumbe bado wanafungua chupa za maji na wakuu wa idara wananong'onezana nani kaisahau flashi ofisini. Sijapata kusikia mtu akiyasifu. Basi naomba nafasi, Mstahiki Meya, niyasifu mimi, tena kwa jina lao kamili: Yatokanayo na Muhtasari wa Mkutano Uliopita.

Kwa asiyewahi kukaa viti vya nyuma vya ukumbi wa manispaa (na viti hivyo ni vya umma, maana mkutano wa baraza ni wa wazi), mambo huenda hivi. Baraza la Madiwani hukutana kila robo mwaka, chini ya Sheria Na. 8 ya mwaka 1982 ya mamlaka za miji. Kabla yake kamati za kudumu zimeshakaa: Fedha na Utawala, Mipango Miji na Mazingira, Uchumi, Afya na Elimu. Kila lililoagizwa likawa halijaisha huingizwa kwenye jedwali la safu nne: namba, agizo, mhusika, utekelezaji. Ndiyo hayo. Jedwali tu. Lakini lisome polepole, kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, utaujua mji wako kuliko mzee yeyote wa baraza la kahawa.

Kinachonivutia kwanza ni umri wa Yatokanayo. Diwani hukaa miaka mitano akarudi kijiweni. Naibu Meya huchaguliwa kila mwaka. Wakuu wa idara huhamishwa kabla hawajajua duka lipi linauza chapati za moto. Kalvati iliyobomoka kwenye njia ya shule ya msingi haihami. Baraza huvunjwa, uchaguzi hupita, madiwani wapya huapishwa na kula kiapo cha maadili, Meya mpya hupigiwa makofi, na hata kabla makofi hayajapoa kuna mheshimiwa mgeni wa kata ile ile anasimama kuuliza habari za kalvati. Inaandikwa upya, wino mbichi, kana kwamba imebomoka jana.

Au tazama agizo la mbwa wazururao. Mbwa waliolalamikiwa mwanzoni walishakufa kwa uzee. Wanaozurura sasa ni wajukuu zao, na agizo wamelirithi bila mirathi wala kikao cha ukoo. Afisa mifugo wa kwanza alistaafu, wa pili akahamishwa, wa tatu ndiye anaandika kwamba risasi na chanjo vimeombwa.

Agizo ninaloliheshimu kuliko yote ni la eneo jipya la makaburi. Lililopo limejaa. Idara ya ardhi inaendelea na mazungumzo na wenye mashamba, fidia inasubiri bajeti, na wananchi, kwa utovu wao wa nidhamu, wanaendelea kufa bila kusubiri taarifa ya utekelezaji. Wanazikwa kwenye kijia, wanazikwa kati ya kaburi na kaburi, mpaka wachimbaji wamekuwa wapima ardhi hodari kuliko wale wa idara. Kila robo mwaka baraza hulijadili jambo hili kwa masikitiko ya kweli. Halafu huomba lililo mezani lipokelewe.

Sasa tufike kwenye safu ya nne, maana huko ndiko fani ilikojificha. Mtendaji mchanga huandika "bado", na hupata anachostahili. Aliyekomaa haandiki bado. Huandika "suala linafanyiwa kazi". Huandika "ufuatiliaji unaendelea". Akibanwa zaidi huandika "litazingatiwa katika bajeti ya mwaka wa fedha ujao", na mwaka wa fedha ujao huanza tarehe 1 Julai. Ikifika tarehe 1 Julai, ujao ni mwingine. Kuna "barua imeandikwa", ambapo barua yenyewe ndiyo kazi, tena ina kumbukumbu namba, na hakuna diwani aliyewahi kuishinda kumbukumbu namba. Kuna "gari la taka lipo gereji likisubiri vipuri", jibu lenye simanzi kidogo, kama taarifa za mgonjwa. Na kuna jibu la kisasa, "zabuni imetangazwa kwenye NeST", ambalo tangu mfumo huo wa manunuzi uanze mwaka 2023 limeleta ukimya mpya ukumbini: wajumbe hutazamana, kila mmoja akisubiri mwenzake ajifanye anaelewa imekwama hatua gani.

Halafu kuna ukarimu wa Yatokanayo. Kodi ya majengo ilihamia TRA mwaka 2016, na tangu 2021 tunailipa kupitia LUKU, kwa hiyo mpangaji humlipia mwenye nyumba kodi ya jengo kila anaponunua umeme, bila hata kushukuriwa. Mwaka 2017 ukaanzishwa wakala wa barabara, TARURA, barabara za mitaa nazo zikatoka mikononi mwa halmashauri. Maji yana mamlaka yake. Nguzo zina TANESCO. Ungetegemea jedwali lipungue. Halikupungua hata mstari mmoja. Barabara iliondoka na fungu lake la fedha, lakini shimo lilibaki mbele ya duka la mpiga kura, na mpiga kura hamjui meneja wa wakala. Anamjua diwani, anajua na anakoishi. Kwa hiyo Yatokanayo yakaendelea kuyapokea mashimo ya watu wengine, yakabadilisha tu safu ya mhusika, na meneja akaanza kualikwa barazani, akae pembeni na kalamu yake, aitwe, asimame, aseme kwamba ufuatiliaji unaendelea.

Wapo wanaobeza. Husema vikao hivi ni posho na maneno, eti kazi za mji wapewe wataalamu peke yao, wanasiasa wa kata wakae majumbani. Jaribio hilo tulishalifanya. Kuanzia mwaka 1972, katika mpango wa Madaraka Mikoani, serikali za mitaa zilifutwa na kazi zake wakapewa watumishi wa serikali kuu mikoani na wilayani. Macho yote yalikuwa vijijini, kwa nia njema kabisa, na miji ikaachwa ijiendee. Mitaro ikaziba. Taka zikalundikana. Kipindupindu kikapata pa kukaa. Mwaka 1978 mabaraza ya miji yakaanza kurudishwa, ya wilaya yakafuata mwaka 1984, na leo serikali za mitaa zimo kwenye Katiba, ibara ya 145 na 146. Sidai kwamba kipindupindu kililetwa na ukosefu wa jedwali la safu nne. Lakini kwa miaka ile hapakuwa na mahali mjini ambapo mtu aliyechaguliwa na mtaa alikuwa na haki ya kusimama akauliza mtaro umefikia wapi, halafu akarudi baada ya miezi mitatu akauliza tena, swali lile lile, kwa sauti ile ile.

Maana tuzihesabu silaha za diwani. Mkurugenzi huteuliwa na Rais; diwani hawezi kumng'oa. Fungu kubwa la fedha hutoka serikali kuu na maelekezo yake yameambatanishwa. Diwani hana saini kwenye hundi, hana funguo za greda, mara nyingi hana hata ofisi zaidi ya kiti alichoazimwa na mtendaji wa kata. Alicho nacho ni ukurasa.

"Mstahiki Meya, nakushukuru kwa kunipa nafasi. Ukurasa wa kumi na moja, agizo namba saba. Kikao kilichopita tuliambiwa ufuatiliaji unaendelea. Leo tunaambiwa ufuatiliaji unaendelea. Naomba kujua, huyo anayefuatiliwa anakimbia?"

Ukumbi hucheka. Mkuu wa idara hacheki. Na nyuma, kwenye vile viti vya umma, kuna mama mmoja muuza ndizi na mzee mwenye kofia ya kushonwa, nao wamesikia, na jioni habari itakuwa imefika mitaani kabla muhtasari haujachapwa. Ndiyo maana wiki ya mwisho kabla ya baraza mji hubadilika kidogo. Greda ambalo halikuwa na mafuta huonekana barabarani. Mhandisi huenda mwenyewe kuitazama kalvati, asije akaulizwa kipenyo chake. Fundi wa taa hupanda ngazi. Wa kwanza kujua kwamba kikao kinakaribia ni waendesha bodaboda. Hawasomi tangazo, wanasikia tu njia imelainika. Kazi ya siku hizo chache hufanywa kwa hofu ya kuaibika, na mimi sina ugomvi na hofu hiyo. Mifereji mingi mjini imechimbwa nayo.

Mara mojamoja hutokea jambo la kushtua: safu ya nne inaandikwa "limetekelezwa". Msidhani madiwani hufurahi. Wanatilia shaka. Huomba picha, huomba kamati iende ikaone, na ikithibitika ni kweli, mheshimiwa wa kata ile hubaki amesimama na karatasi yake mkononi. Kwa miaka alijulikana kama diwani wa kalvati. Sasa atajulikana kwa lipi?

Sijasema lolote kuhusu mikopo, nayo ina mstari wake wa kudumu. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa vikundi: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Utoaji ulisitishwa mwaka 2023, ukarejeshwa 2024. Katika kipindi hicho cha kusitishwa hakuna kikundi kilichokopa, lakini deni la vikundi vya zamani halikupata likizo: kila robo mwaka lilisomwa, kila robo mwaka viongozi wa vikundi "waliendelea kufuatiliwa", wengine wakiwa wamehamia mji mwingine na kuanzisha kikundi kingine. Wala sijagusa binamu wa Yatokanayo mwenye cheo, yaani Hoja za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ambazo hufanyiwa mkutano maalumu mzima, viongozi wa mkoa wakiwepo, chakula kikiwa kizuri zaidi. Hizo zina wasifiaji wa kutosha magazetini. Mimi nasifu wanyonge.

Mwisho nimwombee radhi kijana mmoja, diwani mpya, msomi, aliyeyachukia Yatokanayo tangu siku ya kwanza. Alisimama akasema jedwali limekuwa kichaka, linakula nusu ya asubuhi, halina tija. Akatoa hoja kwamba kila agizo lililokaa zaidi ya mwaka mmoja bila kutekelezwa lifanyiwe uamuzi: litengewe fedha au lifutwe kabisa, wananchi waambiwe ukweli. Hoja ikaungwa mkono. Meza zikagongwa. Hata wakuu wa idara waligonga, kwa nguvu kuliko wote. Meya akaagiza iandaliwe orodha ya maagizo ya muda mrefu, iletwe kikao kijacho. Miezi mitatu ikapita, makabrasha yakagawiwa, na jedwali lilikuwa limeongezeka mstari mmoja. Agizo: kupunguza maagizo ya muda mrefu katika Yatokanayo. Mhusika: Mkurugenzi wa Manispaa. Utekelezaji: uchambuzi unaendelea.